Kampuni za kimataifa na elimu ya mazingira Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye mikutano ya vijiji, madarasa na vibanda vya soko katika sehemu ambako Kiswahili kinasikika zaidi nchini: Busia na Malaba, Kasese na Mpondwe, Arua, Bweyale, kambi za wakimbizi za Kyangwali na Nakivale. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale yanayowagawanya watu. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, ujue jambo hilo limeelezwa huko kwa kirefu.

## Mambo ya msingi

Kampuni ya kimataifa inaingiaje kwenye elimu ya mazingira?

Inaingia kwa milango ambayo wengine hawana. Soda inafika kijiji ambacho ofisa wa mazingira hajawahi kukanyaga. Mtandao wa simu unaweza kutuma ujumbe kwa mamilioni ya watu kwa siku moja. Mnunuzi wa kahawa ana mabwana shamba wanaomjua mkulima kwa jina na shamba lake kwa mipaka. Ujumbe wa mazingira ukipitia huko, unafika.

Utaikuta elimu hiyo kwenye mabango, vipindi vya redio vyenye wadhamini, miche inayogawiwa shuleni, usafi wa mji kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, na mafunzo ya wakulima wa mkataba. Kwa maoni yetu mafunzo ya wakulima yana uzito kuliko hayo mengine yote. Mkulima anayajaribu wiki ile ile na matokeo anayaona mwenyewe. Bango linasomwa kwa sekunde chache kutoka kwenye dirisha la teksi, basi.

Kwani hiyo si kazi ya serikali?

Ni ya serikali kwanza. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliundwa mwaka 1995, na leo inafanya kazi chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. NFA inasimamia misitu ya hifadhi ya serikali kuu. Kampuni inaweza kuongeza nguvu kwa magari, fedha na sauti. Kitu kimoja haiwezi: kujikagua yenyewe. Ukisikia mradi wa kampuni ambao ndani yake mkaguzi wa serikali haonekani kabisa, uliza yuko wapi.

Kampuni inapata nini?

Inapata jina zuri, na hilo si dhambi. Inapata pia usalama wa biashara: kiwanda cha bia au soda bila maji safi hakiendi, na mnunuzi wa kahawa anajua kwamba mvua ikipotea Rwenzori au Elgon na magunia yatapotea. Siku hizi kuna na sababu ya tatu, ambayo ni sheria za nchi zinakotoka kampuni hizo au zinakouza bidhaa. Ufaransa ilipitisha mwaka 2017 sheria inayozitaka kampuni zake kubwa kuchunguza madhara ya shughuli zao hata nje ya nchi, na Umoja wa Ulaya una sheria yake kuhusu misitu (tazama swali la kahawa na simu). Kampuni inayosukumwa na sheria huwa na subira kuliko inayosukumwa na sherehe.

Ni kampuni zipi hasa?

Zile unazoziona kila siku: Coca-Cola na viwanda vyake vya kujaza chupa, Nile Breweries iliyo chini ya AB InBev, MTN na Airtel, wanunuzi wa kahawa wenye makao Ulaya, benki, na kwenye ukanda wa Ziwa Albert, TotalEnergies ya Ufaransa na CNOOC ya China. Uganda Breweries, iliyokuwa kwa miaka mingi chini ya Diageo ya Uingereza, iliingia pamoja na Wizara ya Maji na Mazingira kwenye kampeni ya ROOTS iliyolenga miti milioni 40.

## Chupa, kaveera na taka

Hawa wa soda wanatuambia tusitupe chupa. Wao wanafanya nini?

Swali hili linaulizwa kila mahali, na ni la haki.

Wanafanya kitu. Kampala kuna kiwanda cha Plastic Recycling Industries, kilichoanzishwa upande wa Coca-Cola, kinachonunua chupa kwa kilo na kuzisaga. Nyuma yake kuna mtandao wa waokota chupa, wengi wao kina mama na vijana, ambao bila wao mitaro ya Bwaise na Katwe ingekuwa imeziba zaidi ya ilivyo. Kampuni ikisema inakusanya, watu hawa ndio wanaoinama. Kwa hiyo swali la kwanza kuiuliza kampuni ni bei ya kilo anayolipwa mama aliyeokota, na nani anabaki na tofauti njiani.

Lakini tazama ahadi yenyewe. Mwaka 2018 Coca-Cola ilitangaza kwa dunia nzima kwamba ifikapo 2030 ingekusanya chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Desemba 2024 ikabadilisha: sasa inalenga asilimia 70 hadi 75, kufikia 2035. Lengo lake la kuuza robo ya vinywaji kwenye vyombo vinavyorudi kiwandani likaondolewa. Kwetu hilo la mwisho ndilo linaloumiza. Wenye umri wa miaka thelathini na kuendelea wanakumbuka kreti za chupa za kioo: unaacha chupa dukani, inarudi, inaoshwa, inajazwa tena. Hapakuhitajika semina. Mtoto alijua chupa ni mali kwa sababu bila chupa tupu hauziwi soda. Mfumo ule ulifundisha kuliko bango lolote, na kioo bado kipo kwenye maduka mengi. Ukitaka kuisaidia kampuni kutimiza maneno yake, nunua cha kioo na umwambie mwenye duka kwa nini.

Busia upande wa Kenya kaveera (mfuko wa plastiki) ni kosa, upande wetu linauzwa wazi. Kwa nini?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilikuwa na katazo tangu 2009 kwenye sheria ya fedha, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia kukataza mifuko yenye unene chini ya maikroni 30. Katazo lipo kwenye karatasi, utekelezaji umekuwa wa kuja na kuondoka. Mifuko hiyo ya kwetu imekuwa ikivushwa kwa magendo kwenda Kenya.

Hapa ndipo unapoona mpaka wa nguvu za kampuni. Kampuni inayouza pande zote mbili hufuata sheria ya kila upande. Haitaacha kitu kwa hiari upande mmoja ikiwa mshindani wake anakiuza kesho yake. Uhamasishaji bila askari wa forodha na mkaguzi wa soko unamwachia mzigo wote mama muuza nyanya.

Kiteezi inahusianaje na kampuni hizi?

Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo watoto. Mji ndio uliokuwa na wajibu wa kulisimamia. Hata hivyo sehemu ya ule mlima ilikuwa vifungashio: chupa, pakiti ndogo za sabuni na viungo, vifuko vya pombe vya zamani. Pakiti ndogo huuzwa kwa sababu mteja ana shilingi chache, na haziokotwi kwa sababu hazina bei kwa kilo. Kampuni inayofundisha watu kutenganisha taka huku ikitengeneza kitu kisichotenganika inapaswa kuulizwa hadharani itakibadilisha lini.

## Miti, kahawa na jiko

Kampuni imeleta miche shuleni kwetu. Tuipokee?

Pokeeni, lakini kwa masharti. Misitu ya Uganda ilikuwa karibu asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990. Leo ni karibu nusu ya hapo. Miti inahitajika. Tatizo ni kwamba miche mingi ya kampeni hufa kwenye kiangazi cha kwanza, baada ya picha kupigwa na fulana kugawiwa.

Kwanza uliza aina. Mikaratusi na misonobari hukua haraka na ina soko la nguzo na mbao, lakini mkaratusi kandokando ya kinamasi au chemchemi unakunywa maji ya kijiji. Omba mvule, musizi au mutuba, na miti ya matunda kwa ajili ya watoto. Pili uliza majira: mche unaoletwa Januari kwa sababu mkurugenzi anapita Januari utakufa. Mvua za Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba, ndizo zake. Tatu, nani atamwagilia wakati wa likizo, nani atazuia mbuzi, na je, kampuni itarudi baada ya mwaka kuhesabu miti iliyo hai? Kampuni nyingi huhesabu iliyopandwa. Ikubaliane nanyi kwa maandishi kuhesabu iliyobaki.

Na umiliki: kwa sheria ya misitu ya mwaka 2003, mti uliopandwa kwenye ardhi yako binafsi ni wako. Ukiambiwa utie saini karatasi yoyote kabla ya kupewa mche, soma jibu la biashara ya kaboni kwanza.

Mnunuzi wa kahawa anazunguka shamba langu na simu. Ananyang'anya ardhi?

Hofu hii tumeisikia Kasese, Bundibugyo na Mbale, na kwa nchi ambayo watu wamepoteza ardhi kwa karatasi ambazo hawakuzielewa, ina msingi. Anachofanya ni hiki: mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa, kakao na bidhaa nyingine kadhaa zinazoingia Ulaya zisitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi lazima aonyeshe mahali kahawa ilipolimwa. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja kwenye ramani. Kubwa zaidi linachorwa mipaka. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameendelea kujiandaa, kwa sababu Ulaya ndiyo soko kubwa la kahawa yetu na familia zaidi ya milioni 1.7 zinaishi kwa zao hili.

Nukta ile haimpi mnunuzi haki yoyote juu ya ardhi. Haikupi hati miliki wewe pia, kwa hiyo usiitumie kwenye ugomvi wa mpaka na jirani. Jambo la kuhofia ni jingine: kumbukumbu zako zikibaki kwa mnunuzi mmoja tu, mwakani utalazimika kumuuzia yeye kwa bei yake. Omba nakala. Kama mko kwenye ushirika, ushirika ndio utunze kumbukumbu za wanachama.

Tukubali pia faida yake. Sheria hii imefanya kahawa chini ya kivuli na msitu uliobaki kuwa jambo la fedha, na mkulima anasikiliza haraka zaidi mnunuzi anapomwambia gunia litakataliwa.

Biashara ya kaboni ni nini, na kwa nini wengine wanailalamikia?

Kampuni ya nje inayochafua hewa hulipa ili mahali pengine miti ipandwe au msitu ulindwe, halafu inajihesabia upungufu wa hewa ya ukaa uliopatikana huko. Ikifanywa vizuri, mkulima anapata malipo kidogo kidogo kwa kutunza miti yake mwenyewe. Shirika la ECOTRUST limekuwa likiendesha mpango wa namna hiyo kwa wakulima wadogo tangu 2003, likianzia upande wa Bushenyi.

Malalamiko yanatoka kwenye miradi ya mashamba makubwa na hifadhi. Mlima Elgon, tangu 1994, wakfu wa Kiholanzi wa FACE ulifadhili upandaji miti ndani ya hifadhi ambayo mipaka yake ilikuwa na mgogoro na wenyeji. Watu wakaikata miti mingi kwa sababu kwao ilikuwa alama ya kufukuzwa. Kachung, wilaya ya Dokolo, kampuni ya Norway, Green Resources, ilikuwa na mnunuzi wa kaboni ambaye ni Wakala wa Nishati wa Sweden. Mwaka 2015 wakala huyo akasimamisha malipo baada ya malalamiko ya wanakijiji waliokatazwa kulima na kulisha mifugo. Huko Stockholm mtu aliweza kudhani analipia msitu, na mama wa Kachung akawa hana pa kuchanja kuni.

Kabla ya kutia saini, mkataba usomwe kwa lugha unayoielewa, mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mtu wa nje ya kampuni. Uliza ni miaka mingapi, mti ukifa kwa ukame nani anabeba hasara, na je, mwanao akirithi ataruhusiwa kupanda mihogo.

Na majiko banifu na sola?

Hapa kampuni zimesaidia kwa kweli. Sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu imefika vijiji vingi. Mwanafunzi anasoma bila kibatari na mama havuti moshi wa mafuta ya taa. Jiko banifu linapunguza mkaa kwenye sigiri, na mkaa ndio unaomaliza miti ya kaskazini, kiasi kwamba Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara huko. Uliza tu betri mbovu zinarudi wapi. Muuzaji mwaminifu atazipokea.

## Mafuta

Kampuni ya mafuta inaweza kutufundisha mazingira?

Inaweza kufundisha mambo mengi yenye maana, na tusimdharau mwalimu wa Buliisa aliyepata vitabu kutoka huko. Lakini pima elimu hiyo mbele ya mradi wenyewe. Mafuta yaligunduliwa Bonde la Albertine mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Bomba la mafuta ghafi la EACOP lina kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, na lazima lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yetu huganda. TotalEnergies ina asilimia 62 ya bomba. Mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, CNOOC 8. Sehemu ya visima vya mradi wa Tilenga iko ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls.

Kampuni inasema imepunguza eneo itakalogusa hifadhini. Wapinzani, wakiwemo Waganda waliofungua kesi Ufaransa mwaka 2019 wakishirikiana na mashirika ya huko, wanasema hatari kwa maji na kwa watu waliohamishwa haijajibiwa. Februari 2023 mahakama iliikataa kesi hiyo kwa sababu za utaratibu, bila kuamua nani ana haki. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi Septemba 2022, serikali ya Uganda ikalipinga kama kuingiliwa.

Watu wa kweli wako pande zote: aliyepata kazi ya udereva, na aliyesubiri fidia miaka huku amekatazwa kupanda mazao ya kudumu. Tunachosimamia sisi ni kimoja. Mafunzo ya mazingira yanayomwambia mwanafunzi asikate mti, lakini hayamwambii bomba likivuja apige simu wapi na nani atalipa, yameruka sura iliyo muhimu kuliko zote.

Mimi ni mkimbizi Kyangwali. Nina haki ya kuuliza?

Unayo, kwa kiasi kikubwa. Kifungu cha 39 cha Katiba kinamtaja Mganda, lakini Sheria ya Mazingira ya 2019 inampa kila mtu aliye Uganda haki ya mazingira safi. Mikutano ya hadhara kuhusu tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, kama ile ya Tilenga ya Novemba 2018 huko Buliisa na Nwoya, iko wazi kwa wanaoguswa na mradi. Haki ya kudai nyaraka za serikali, kifungu cha 41, ni ya raia. Kwa hiyo ukitaka nakala ya tathmini, mwombe jirani raia au mwenyekiti wa kijiji aiandikie ofisi kwa niaba ya wote.

## Maswali magumu

Nitajuaje kampuni inasafisha jina tu?

Angalia uchafu wake wenyewe unatokea wapi, kisha angalia kampeni inazungumzia nini. Kampuni ya vinywaji inayopanda miti na kukaa kimya juu ya chupa, au benki inayofadhili usafi wa ufukwe na kutotaja inakopesha nani, imechagua mada iliyo rahisi. Angalia pia kama ina tarehe na namba ambazo mtu wa nje anaweza kuzikagua, na kama ilizibadilisha kimya kimya.

Kipimo tunachokiamini zaidi ni cha mkutanoni. Nyoosha mkono uulize kuhusu kampuni yenyewe. Mratibu akijibu, au akisema atarudi na jibu na kweli akarudi, hapo kuna elimu. Akikuambia leo tumekuja kuzungumzia tabia za wananchi, umeshapata jibu lako.

Kwa nini kila kitu ni kwa Kiingereza?

Kwa sababu ripoti inasomwa na wanahisa na wafadhili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Maeneo ya mpakani na kambini ndicho kinachowaunganisha dereva wa lori, muuza samaki na askari. Diwani au mwenyekiti anaweza kuandika barua kudai muhtasari wa tathmini kwa Kiswahili na lugha ya eneo kabla ya mkutano, wala si siku ya mkutano.

Kampuni ya tumbaku inataka kufadhili bustani ya miti shuleni West Nile. Turuhusu?

Hapana. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza matangazo na udhamini wa tumbaku. Mahakama ya Katiba iliitupa kesi ya British American Tobacco dhidi ya sheria hiyo mwaka 2019. Isitoshe, ukaushaji wa tumbaku umekula kuni nyingi za West Nile. Andika barua ya kukataa na nakala umpe ofisa elimu wa wilaya.

Je, mwananchi anaweza kuifundisha kampuni?

Imeshatokea. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kutoa karibu hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa cha kampuni ya sukari ya kundi la Mehta. Watu walituma ujumbe wa simu, wakaacha kununua sukari ile, wakaandamana Kampala. Maandamano yaliishia kwenye vurugu na vifo ambavyo havikupaswa kutokea. Mpango ukasitishwa. Kizazi kilichofuata kina mwanaharakati wa tabianchi Vanessa Nakate, aliyeanza kusimama barabarani Kampala Januari 2019. Mwaka mmoja baadaye alikatwa kwenye picha ya wanaharakati Davos, na dunia ikamsikiliza kuliko awali. Amezisema kampuni za mafuta kwa majina, jambo ambalo hakuna kampeni iliyodhaminiwa na kampuni itakalolifanya.

Kampuni ikimaliza kazi ikaondoka, nani anabaki na taka?

Waulize watu wa Kilembe. Shaba ilichimbwa pale kuanzia miaka ya 1950, mwanzoni chini ya kampuni za Canada, ikiwemo Falconbridge, na uchimbaji ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki ya mgodi yako bado kandokando ya mto Nyamwamba, na kila mafuriko, kama ya Mei 2020, huyasukuma kuelekea mashamba na mji wa Kasese. Kwa mradi wowote mpya, dai kuona mpango wa kufunga na fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kuchimba.

Ninafanya kazi kiwandani na nimeona maji machafu yakimwagwa usiku. Nifanye nini?

Sheria ya 2010 ya kuwalinda watoa taarifa inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema kwenye ofisi inayotambuliwa, kama IGG (Inspekta Jenerali wa Serikali), Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, polisi au NEMA. Andika tarehe, saa na mahali bomba linapotokea. Usichukue sampuli kwa mikono mitupu, na usiweke picha mtandaoni kabla ya kutoa taarifa, maana ulinzi wa sheria umeambatana na kupeleka habari panapostahili. Ukipewa karatasi ya kupokelewa, iache nyumbani kwa mtu unayemwamini, si kwenye kabati la kazini.